Bonde la mpunga likianza kuonja chumvi, usikimbilie ukuta

Wakulima wenzangu wa mabondeni huku pwani, Pemba, Rufiji, Pangani na hata nyie wa Tana kule Kenya, hili la maji chumvi tuliongee vizuri maana wengi wetu tunasubiri tuione bahari imeingia shambani ndo tustuke, kumbe chumvi inatangulia. Bamvua (zile siku bahari inajaa kuliko kawaida) likijaa inapanda na kijito, nyingine inapenya chini kwa chini, na usawa wa bahari duniani umeshapanda kama sentimita 20 tangu mwaka 1901. Utasema kidogo hiyo, ila kwenye bonde tambarare sentimita 20 zinayatembeza maji mbali sana.

Dalili mnazijua, ncha za majani ya mpunga zinakauka, shamba linatoka mabaka mabaka, kiangazi udongo unafanya ukoko mweupe. Bwana shamba akiwa na kipimo mwambie apime, mpunga unaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi 3 kwa kipimo cha dS/m, maharage yanalia hata kwenye 1, mnazi wenyewe wala haujali.

Sasa kosa kubwa ninaloliona ni watu kuchangishana wanapandisha tuta refu, wamemaliza, wamelala. Tuta bila njia ya kutolea maji linafungia chumvi ndani! Bangladesh wana matuta makubwa tangu miaka ya 60, kimbunga Aila kilipopiga Mei 2009 yakabomoka, maji ya bahari yakaingia na kuna sehemu yalikaa zaidi ya mwaka hayana pa kutokea. Kwa hiyo tuta sawa jenga, lakini pale bonde lilipo chini kabisa pitisha bomba, na mdomo wake wa upande wa bahari uufungie mfuniko unaoning'inia. Bahari ikijaa inausukuma unajifunga wenyewe, ikipwa maji ya shambani yanaufungua yanatoka. Na tuta likague kila bamvua, kaa wanalitoboa hao hadi basi, tundu moja tu la kaa likiachwa msimu mzima linaweza kubomoa tuta.

Dawa ya chumvi ni maji ya mvua. Masika ikianza yazuie maji jarubani (kwenye vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta) siku kadhaa yayeyushe chumvi, subiri bahari imekupwa yatoe, jaza tena, toa tena, usione uvivu maana mara moja haitoshi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa maji ya bahari ukawa mgumu kama sufuria, mwagia jasi kabla ya kuosha, na usiulime ukiwa tepetepe utauharibu zaidi. Kitalu weka juu kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, miche ihamishe ikishakomaa kama siku 30 hivi, kichanga chumvi inakiua haraka. Afu panga tarehe zako mpunga usichanue wakati mvua zimeshakatika, hapo napo ni mdhaifu sana. Mbegu zinazovumilia chumvi zipo, uliza, ila hakuna mbegu ya kupanda baharini jamani. Wahindi wa Kerala wana mpunga wao wa asili unaitwa Pokkali, wanalima kipindi cha mvua chumvi ikiwa imepungua, wakishavuna wanaachia maji ya bahari yaingie wanafuga kamba humo humo. Hawagombani na chumvi, wanapishana nayo.

Mikoko msikate. Najua delta ya Rufiji watu wamefyeka wakapata mpunga mzuri misimu ya mwanzo, lakini ule udongo mweusi wa mikoko ukikauka unageuka tindikali, magugu na chumvi vinafuatia, mtu anahama anafyeka kwingine, na bonde la nyuma limeshabaki uchi mbele ya mawimbi.

Kisima nacho. Maji baridi huku kwetu yanaelea juu ya maji chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, ukiyashusha mita 1 kwa pampu, yale ya chumvi chini yanaweza kupanda hadi mita 40. Kwa hiyo usichimbe kirefu ukidhani ndo utapata zaidi, chimba kifupi na kipana, vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, na siku za bamvua yaonje kabla hujafungulia bustani.