Teste za kuomba kazi: pointi zinapotelea wapi

Mwajiri akikutumia ujumbe kwamba utafanya teste kwenye mtandao, angalia kwanza lugha yake, muda wake na saa ya kufungwa. Hiyo saa ndiyo inawaponza watu wa Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo 10h00 ya Kinshasa ni 11h00 hapa. Ikiandikwa GMT, ongeza saa mbili. Na mtu akikudai pesa ili akufungulie teste, achana naye. Gharama hiyo ni ya mwajiri.

Sehemu ya hesabu haina hesabu ngumu: asilimia, uwiano, wastani, kusoma jedwali. Kinachobana ni muda, mara nyingi dakika moja hivi kwa swali. Tuseme mgodi ulipakia malori 240 mwezi wa Januari na 300 Februari; ongezeko ni asilimia ngapi? Tofauti ni 60. Anayegawa 60 kwa 300 anapata 20%, na hiyo 20% ataikuta kwenye orodha ya majibu, imekaa inamsubiri. Unagawa kwa namba ya mwanzo: 60 kwa 240, yaani 25%. Majibu ya uongo hayawekwi ovyo, yanatokana na makosa ambayo watunzi wanajua watu watayafanya. Kwa hiyo kuona jibu lako kwenye orodha hakumaanishi umepata.

Sisi tuliosomea Kifaransa tuna mtego wetu pia. Teste ikiwa ya Kiingereza, 1,500 ni elfu moja na mia tano, si moja na nusu. Tena "billion" ya Kiingereza ni "milliard" ya Kifaransa. Ukikosa hapo, hesabu nzima imekwenda.

Kwenye maswali ya kusoma unachagua kweli, si kweli, au haijulikani. Jibu kwa maandishi yaliyo mbele yako tu. "Madereva wote wa kampuni wamepimwa macho. Baadhi ya waliopimwa wamepewa miwani." Je, kuna dereva aliyepewa miwani? Haijulikani: huenda waliopewa ni walinzi. Anayeijua sana kazi yenyewe ndiye hukosea hapa, maana anajibu kwa uzoefu wake.

Kuna pia maswali ya maumbo yanayofuatana, unatafuta umbo linalokuja baadaye; yasikuchoshe. Fuata kitu kimoja kwanza, idadi ama rangi ama upande yanakogeukia, ndipo uende kingine. Swali likigoma, ruka kama mfumo unaruhusu. Dakika ya mwisho bahatisha yaliyobaki, ila soma maelekezo kwanza: teste nyingine hukata pointi kwa jibu la kosa.

Umeme na intaneti upange mapema. Chaji kompyuta mpaka ijae, simu iwe na mega za akiba za kushirikisha, karatasi na mashine ya kuhesabia viwe mezani. Mtandao ukikatika, mara nyingi saa ya teste inaendelea kuhesabu. Piga picha ya skrini na umwandikie mwajiri palepale, ukitaja saa na namba ya swali. Ukimwandikia kesho yake inasikika kama kisingizio. Kampuni zinazotunga teste, kama SHL ya Uingereza, huweka mazoezi ya bure. Fanya mawili matatu kwa muda kamili, bila kusimama.

Teste ya tabia ni jambo lingine kabisa, na wengi wanaiharibu kwa ujanja. Swali lilelile hurudi kwa sura nyingine: "Napenda kufuata mpango" mwanzoni, kisha "Mpango ukibadilika sisumbuki" huko mbele. Ukikubali yote mawili kwa nguvu zote, majibu yanaweza kuonekana yanapingana. Sentensi kama "Sijawahi kusema uongo" imewekwa kumnasa anayejipamba. Kuikubali kabisa kunatia shaka. Kuchagua katikati kila mara nako hakumwambii mwajiri lolote. Jibu ukijifikiria kazini, si nyumbani wala kanisani, na usikawie. Ukilazimishwa kuchagua kati ya sentensi nne nzuri ipi inakufanana zaidi na ipi kidogo, kuacha nzuri moja si kujishtaki, ndivyo ilivyotengenezwa.

Majibu hayo yanaweza kurudi siku ya mahojiano. Ukiweka kwamba unapenda kuongoza watu, njoo na mfano: watu wangapi, kazi gani, iliishaje.