Kusawazisha darubini ya safari inapobeba lenzi nzito

Darubini ndogo yenye lenzi ya mbele ya milimita 80 ina uzito wa kilo tatu hivi. Ukiiwekea lenzi ya jicho ya gramu 100, hutulia popote unapoielekeza. Weka ile yenye shina la inchi mbili na uzito wa kilo nzima, nayo huzama nyuma na nyota inakupotea. Wengi hukimbilia kukaza skrubu za kichwa cha stendi. Tafadhali usianzie hapo: skrubu iliyokazwa mno huifanya darubini isogee kwa kushtuka, na kufuata sayari kunageuka adhabu.

Hatua ya 1. Funga kila kitakachotumika usiku huo: kioo cha pembe (kinachopinda mwanga kuelekea lenzi ya jicho), kidarubini cha kutafutia, kinga ya umande ikiwa imevutwa nje. Ondoa kifuniko. Lenga mnara wa mbali mpaka picha iwe kali, maana bomba la kulengea, lile linaloshika lenzi ya jicho, likitoka nje, uzito nao unarudi nyuma.

Hatua ya 2. Weka lenzi yako ya uzito wa kati, si nzito kuliko zote. Laza mrija wa darubini, ushike kwa mkono mmoja, kisha legeza mhimili wa kupanda na kushuka. Mrija ukizama nyuma, legeza kibano kinachoshika reli yake (bamba refu lililo chini yake) na uusogeze mbele kidogo kidogo.

Utasogeza kiasi gani? Tuseme mrija ulikuwa sawa na lenzi ya gramu 100, ukaweka ya kilo moja iliyo sentimita 30 nyuma ya mhimili. Gramu 900 zimeongezeka. Zidisha kwa 30, gawanya kwa uzito wote wa gramu 4,000 (kilo nne): karibu sentimita 7. Reli nyingi za darubini za safari hazina nafasi hiyo, kwa hiyo nunua reli ndefu au ongeza uzito mbele. Sumaku hazisaidii kwenye mrija wa aluminiamu, na mingi ni ya aluminiamu. Mimi napendelea chupa ya maji ya nusu lita, iliyofungwa kwa mkanda chini ya mrija, mbele. Kwenye ndege inasafiri tupu.

Hatua ya 3. Sasa elekeza juu kabisa. Hatua hii hurukwa, na kwetu karibu na ikweta ndiyo yenye uzito: ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, mkanda wa Orioni hupita karibu na utosi, na sayari za Mshtarii na Zohali hupanda juu sana. Darubini iliyotulia ikiwa imelala inaweza kuangukia nyuma ikiinuliwa, kwa sababu uzito mwingi uko juu ya mhimili. Kuusogeza mrija kwenye reli hakutibu hilo. Kama kichwa cha stendi kinashika mrija kwa ubavuni, geuza kioo cha pembe ili lenzi ielekee upande, mbali na stendi, badala ya kusimama juu. Kama mrija unakaa juu ya kichwa cha stendi ya kamera, ning'iniza uzito chini ya mhimili, kwenye mkono unaozunguka pamoja na mrija.

Hatua ya 4. Hapo ndipo ukaze skrubu, kiasi cha kumeza tofauti iliyobaki kati ya lenzi nyepesi na nzito.

Kabla ya kuchomoa lenzi nzito, shika mrija, la sivyo mbele itaanguka. Ukishapata mahali pa kila lenzi, bandika kipande cha tepu kwenye reli. Gizani utaipapasa kwa kidole bila kuwasha taa.