Kikombe cha kahawa kabla ya kisu: mambo ya kuzingatia kijana anapotaka upasuaji wa kupunguza uzito

Mwezi wa Rajabu binti wa kaka yangu alikuja kwangu Ujiji, akakaa kwenye mkeka jikoni huku nikichambua dagaa, akasema, "Shangazi, nimeamua kukatwa tumbo. Naomba unisindikize Dar." Ana miaka 20, urefu sentimita 160, uzito kilo 118. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni muuguzi, na kwa sababu baba yake akisikia habari hiyo huondoka sebuleni.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe wiki mbili, na nikamwahidi kwamba sitamkataza wala kumsukuma. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyapitia pamoja. Nayaandika kwa ajili ya wazazi, mashangazi na vijana wenyewe wa Kigoma wanaojiuliza swali hilohilo, maana wengi wanadhani utayari ni kuwa na kilo nyingi na hela ya kutosha.

Kilo ndizo rahisi kuzipima. Uzito ukigawanywa kwa urefu wa mita, kisha ukagawanywa tena kwa urefu huohuo, unapata namba ambayo kwenye kadi huandikwa BMI. Ya binti yetu ni 46. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliotumika miaka mingi ulitaka 40, au 35 kama mgonjwa ana kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu viliulegeza, vikasema 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Umri nao si kizuizi. Madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2023 walielekeza kwamba hata mtoto wa miaka 13 mwenye unene mkubwa anaweza kupelekwa kufanyiwa tathmini. Kwa hiyo kwa namba alikuwa amefuzu. Lakini namba inampa mtu haki ya kuuliza tu, haimpi jibu.

Swali la kwanza nililomuuliza ni hili: umenenepa tangu lini, na nini kilikuwa kimebadilika wakati huo? Watu huliruka hili. Tezi ya shingo ikilegea, mtu huongezeka uzito, huchoka na huhisi baridi. Sindano ya uzazi wa mpango huwanenepesha baadhi ya wasichana. Prednisoloni ya pumu ikitumiwa muda mrefu hunenepesha, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Msichana ambaye hedhi yake inapotea miezi mitatu, minne, na ndevu zinamtoka kidevuni, huenda ana tatizo la mayai ya uzazi linalokwenda pamoja na unene. Hayo yote huchunguzika, na yachunguzwe hapa mkoani kabla mtu hajakata tiketi. Anayekoroma usiku hadi pumzi inakatika naye aseme, kwa sababu mtaalamu wa dawa ya usingizi lazima ajue kabla ya kumlaza kwa upasuaji.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kupima mapema. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka 17 alipanda mzani kwenye zahanati moja, na mhudumu akazitaja kilo zake kwa sauti mbele ya foleni nzima ya akina mama. Watu wakacheka. Hakurudi tena hospitali yoyote kwa miaka mitatu. Sisi watumishi wa afya tunawapoteza vijana hivi, halafu tunashangaa kwa nini wanakuja wakiwa wameshaamua kukatwa.

Jambo la pili ni kujua nini hasa kinakatwa. Mtaani watu wanachanganya puto na kisu. Puto huingizwa kwa mdomo hadi tumboni, hujazwa, hukaa kwa muda, aghalabu miezi sita hadi mwaka, kisha hutolewa. Kwa kisu, aina inayofanywa zaidi ni ile ya kuondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula, hata zaidi, kikabaki kitu chembamba kama ndizi. Kinachoondolewa hakirudishwi. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo chini zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Puto na upasuaji vyote vinapatikana Muhimbili Mloganzila, huko Dar es Salaam. Kijana akiulizwa unataka kipi na akajibu "chochote kitakachopunguza", bado hajawa tayari.

Kisha nikampa karatasi nikamwambia aandike kilo anazotarajia kuwa nazo. Akaandika 60. Ilinibidi nimwambie ukweli. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa kawaida huondoa kama robo ya uzito wote, wakati mwingine hadi asilimia 30. Kwake yeye maana yake ni kushuka hadi kati ya kilo 82 na 89, na baadaye nyingine kidogo huweza kurudi. Ngozi ya tumbo, mikono na mapaja hubaki ikining'inia. Alinyamaza muda mrefu. Baadaye akauliza kama kwa kilo 85 ataweza kupanda kilima cha kutoka ziwani hadi mjini bila kusimama. Nikamwambia naamini ataweza. Swali hilo lilinipa moyo kuliko jibu lolote alilonipa, kwa sababu lilihusu maisha yake na si picha.

Sasa kikombe. Nina vikombe vidogo vya kahawa, vile vya barazani. Nilikipima kimoja kwa bomba la sindano: mililita 80. Baada ya upasuaji, mfuko uliobaki huchukua kama mililita 100 hadi 150, na kile kifuko cha aina ya pili ni kama 30 tu mwanzoni. Nikamwambia ajaribu siku 14. Kila mlo vikombe viwili visivyofurika, mara nne au tano kwa siku, atafune taratibu kwa nusu saa, asinywe maji pamoja na chakula wala nusu saa baada yake. Samaki au mayai kwanza, kisamvu kinafuata, ugali mwisho kama nafasi ipo. Sikumfanyia haya ili apungue, na mwenye kisukari anayetumia dawa asijaribu bila daktari. Nilitaka aionje kazi atakayoifanya maisha yake yote.

Kwa mtu wa Kigoma hili ni gumu kuliko linavyosikika. Ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese ni chakula cha sinia moja, mikono mingi, na matonge hayahesabiwi. Anayekatwa anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku. Minofu ya samaki ya gramu 100 ina kama 20, yai moja kama 6, na ugali wa muhogo karibu hauna kitu. Ziwa limetubariki kwa hilo, dagaa na migebuka vipo. Shida ni kwamba lazima tonge litoke sahanini na samaki abaki, wakati sisi tumelelewa kinyume: samaki ni wa kusindikizia.

Siku ya sita palikuwa na arusi kwa jirani. Mama mmoja mtu mzima akamwekea sahani ya pilau, akamwambia, "Kula mwanangu, usitutie aibu." Akala yote. Nilijua kwa sababu aliliandika kwenye daftari lake, na hata soda aliandika. Nilifurahi kuliona. Kijana anayeteleza na kusema anaweza kusaidiwa na timu ya hospitali. Anayeficha atakuja kuficha pia kutapika, maumivu, na vidonge alivyoacha kumeza. Kama mwanao hula usiku kwa kujificha, akila hadi anaumia na hawezi kujizuia, hilo litibiwe kwanza na mtu wa afya ya akili. Kisu hakilitibu.

Vidonge: vitamini za kila siku, maisha yote. Madini ya chuma, hasa kwa msichana anayepata hedhi, kalisiamu, vitamini D, na B12 ambayo wengine huchomwa sindano. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Hesabu bei ya vidonge hivyo kwa mwezi kwenye duka la dawa la hapa, zidisha kwa 12, ndipo useme hela ipo. Bima nayo ulizwe kwa maandishi inalipa nini na hailipi nini. Na dawa za maumivu tunazozoea kununua bila cheti, diklofenaki na ibuprofeni, ziwe mwiko, kwa kuwa huleta vidonda mahali palipokatwa. Hedhi ikiuma, parasetamoli. Pombe huingia kwenye damu haraka zaidi baada ya upasuaji huu na huwanasa watu ambao zamani haikuwanasa. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, na isirudiwe.

Kuna jambo ambalo kwa wasichana wetu linataka mazungumzo marefu, nalo ni ndoa. Baada ya upasuaji, mimba inatakiwa kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mama anayepungua kwa kasi hana akiba ya kumlisha mtoto. Na wakati huohuo uzazi hufunguka. Msichana ambaye hedhi ilikuwa haionekani anaweza kushika mimba asiyoitegemea. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi vizuri baada ya upasuaji wa njia ya mkato, kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Sasa fikiria bi arusi wa Ujiji anayeulizwa na mama mkwe mwezi wa tatu tu baada ya harusi kama kuna habari njema. Nilimuuliza binti yetu wazi: kuna mchumba? Yupo. Anajua? Hajui. Nikamwambia mchumba ajue kabla ya daktari wa upasuaji, na kama arusi ndiyo sababu ya kukatwa, kimoja kati ya hivyo viwili kisogezwe.

Kuhusu Ramadhani, mwaka wa kwanza usipangwe kufungwa. Mtu aliyekatwa hunywa kwa funda ndogondogo mchana kutwa ili kufikisha lita moja na nusu, na saa za kati ya futari na daku hazimtoshi. Mgonjwa ana ruhusa, Kurani yenyewe imesema hivyo. Lakini familia iambiwe mapema ili asionekane mzembe.

Nilimtenga pia na mama yake kwa saa nzima, tukaenda kukaa chini ya mwembe, nikamuuliza nani anataka upasuaji huu. Fanyeni hivyo. Zaidi ya miaka 18 sahihi ni yake mwenyewe, na anayetia sahihi kwa ajili ya mama, mchumba au watu wa mitandao atakuwa peke yake saa nane usiku tumbo likiuma. Muulizeni kama amewahi kutamani kufa. Neno hilo haliwatii watu wazo, na watu waliokatwa huku huzuni haijatibiwa wamo hatarini zaidi baadaye.

Halafu umbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilomita zaidi ya 1,200, kupitia Tabora na Dodoma, zaidi ya siku nzima umekaa. Damu huganda miguuni kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji akakaa bila kutembea. Kwa hiyo awe na ndugu wa kukaa naye Dar hadi daktari aseme sasa safiri. Akirudi awe na barua inayoeleza alichofanyiwa, na nakala yake ipelekwe Maweni, hospitali yetu ya mkoa, kabla hajaugua. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, shavu la mguu kuvimba upande mmoja, hayo hayasubiri asubuhi. Kutapika siku kadhaa mfululizo nako si kawaida, kunamaliza vitamini B1 na kuharibu neva. Mtu mmoja nyumbani, si mgonjwa mwenyewe, azikariri dalili hizi.

Na majirani. Kwetu binti akipungua kwa kasi watu hawasemi amepona, wanasema ana ngoma, yaani Ukimwi. Aamue mapema nani ataambiwa ukweli na wengine atawajibu nini. Binti yetu ameamua kusema, "Nilikuwa naumwa, nimetibiwa," basi.

Siku ya 14 alirudisha kikombe. Alikuwa ameshika ratiba siku 11, daftari limejaa. Majibu ya tezi yametoka, hayana shida. Sukari iko juu kidogo, kwa hiyo daktari wa hapa anaanza nayo, na ametueleza pia habari za dawa za sindano za kupunguza uzito, ambazo bei yake bado hatujaimudu. Kaka yangu safari hii hakuondoka sebuleni. Baada ya Idi tunakwenda Dar watatu, kwa tathmini tu, na daftari ameshaliweka kwenye begi.