Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Mionzi ya Kichwa na Shingo

Mgonjwa wa saratani ya mdomo, koo au zoloto anapoambiwa kwamba atatibiwa kwa mionzi, hamu yake yote huwa ni kuanza mara moja, na hamu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, wiki mbili tatu zinazotangulia siku ya kwanza zina kazi nyingi, kwa sababu tiba hii ikishaanza haitakiwi kukatika. Kwa uvimbe ambao haukufanyiwa upasuaji, kipimo cha kawaida ni grei 70 (grei ni kizio cha kupimia mionzi mwilini) zinazogawanywa katika vipindi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Siku zikiongezeka juu ya hapo, chembe za saratani hupata nafasi ya kuzaliana upya.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni meno. Mionzi hudhoofisha mishipa midogo inayopeleka damu kwenye taya, hasa taya la chini, na udhaifu huo haumwondokei mtu maisha yake yote. Jino likija kung'olewa hata miaka mitano baada ya tiba, kidonda chake huweza kukataa kufunga, mfupa ukabaki wazi na kufa kidogo kidogo. Kwa hiyo mgonjwa amwone daktari wa kinywa na meno mapema, apigwe picha ya taya, na jino lisiloweza kuzibwa ling'olewe siku 10 hadi 14 kabla ya mionzi, au wiki tatu muda ukiruhusu. Kwa kuwa tezi za mate nazo huathirika, na kinywa kikavu huozesha meno upesi, dawa ya meno yenye floridi nyingi ni ya kutumia kila siku, hata baada ya tiba kwisha.

Vidonda vya kinywani na maumivu ya kumeza huanza kwenye wiki ya pili au ya tatu na kuzidi kuelekea mwisho. Wakati huo pilipili, ndimu na chai ya moto havipitiki, bali uji wa lishe, mtori, parachichi na mayai yaliyolainishwa ndivyo vinavyomshikilia mtu. Suala la mpira wa kulishia, wa puani au wa tumboni, lizungumzwe mgonjwa angali na nguvu. Aliyewekewa mpira aendelee kumeza hata funda chache za maji kila siku na kufanya mazoezi ya koo atakayofundishwa, kwani misuli isiyotumika hukakamaa.

Uzito unahusiana pia na kinyago cha plastiki kinachotengenezwa kwa umbo la uso na mabega ili kichwa kisisogee. Mgonjwa akikonda sana kinyago hulegea, na huenda mpango wote ukapimwa upya. Ndevu zinyolewe na misuko ifumuliwe kabla ya siku ya kutengeneza kinyago, si baada yake.

Anayepewa mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ambayo mara nyingi ni sisplatini ya kila wiki au ya kila wiki tatu, apimwe figo, damu na usikivu wa masikio kwanza, kwani dawa hiyo huweza kuvidhuru. Hapa asifiche historia yake: sindano za zamani za kifua kikuu huweza kuwa zimekwisha kudhuru masikio, na dawa ya tenofovia, inayotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nayo hugusa figo. Faida ya kuongeza kemo hupungua kadiri umri unavyopanda, na kwa aliyevuka miaka 70 ni ndogo, kwa hiyo kumuuliza daktari kama inamfaa si ukaidi. Sigara na ugoro viachwe kabisa; anayevuta wakati wa tiba hupunguza nguvu ya mionzi yenyewe.

Kwa anayetoka mkoani kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, mahali pa kulala kwa wiki saba na ndugu wa kumsindikiza ni sehemu ya matibabu, navyo vipatikane kabla ya kusafiri. Aulize pia mapema kipindi kitafidiwa vipi mashine ikiharibika au sikukuu ikiangukia siku ya kazi. Vituo vingine hutibu Jumamosi, vingine hutoa vipindi viwili kwa siku moja, vikipishana kwa saa sita au zaidi.