Kumfundisha panya wa maabara kuogopa mlio usiousikia

Sikio la mtu huishia kilohezi 20 (kilohezi ni mitikisiko elfu moja kwa sekunde). La panya hufika karibu 80. Chagua kilohezi 32, anaposikia vizuri. Usichague 22: huo ndio mlio wao wenyewe wa hofu, utashindwa kujua anaogopa alichofunzwa au alichozaliwa nacho.

Kadi ya sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde haivuki kilohezi 22, hivyo tafuta ya 192,000, pamoja na twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, ya masafa ya juu. Hakikisha kwa kifaa cha kunasia sauti za popo, kikae pale panya atakapokaa. Nguvu ya mlio ipande taratibu kwa milisekunde 5 hadi 10. Ukianza ghafla, spika hutoa "tik" na panya atajifunza hiyo tik.

Mzoeshe kushikwa siku tano. Siku ya mafunzo, mwache dakika 3 kwenye sanduku lenye sakafu ya vyuma, kisha piga mlio sekunde 20. Sekunde ya mwisho mpe shoti ya miliampea 0.5, vyote vikome pamoja. Rudia mara 3 hadi 5, ukibadilisha mapumziko kati ya dakika 1 na 3. Kuongeza shoti ni ukatili, na humfanya aogope kila kitu. Akionekana hashtuki, angalia kwanza vyuma: mkojo na kinyesi hupitisha umeme kando ya miguu yake. Futa kwa spiriti ya asilimia 70.

Panya wanaosubiri zamu wakae chumba cha mbali. Aliyepigwa shoti hulia kwa kilohezi 22. Nyie hamsikii, wenzake wanasikia.

Kesho yake tumia sanduku jingine: sakafu laini, harufu ya siki. Dakika 3 za kimya, kisha mlio bila shoti; hesabu sekunde alizoganda, kifua tu kikipumua. Akiganda kabla ya mlio, anaogopa mahali au mikono yako. Kundi la pili lipate mlio na shoti kwa nyakati tofauti, la sivyo hujathibitisha kwamba panya wa kundi la kwanza ameunganisha mlio na shoti.

Kwa Tabora, fanya kiangazi. Kuanzia Novemba mvua juu ya bati huvuruga kila kitu, na jenereta hutikisa sakafu. Umeme ukikatika katikati ya mafunzo, mtoe panya huyo kwenye hesabu. Usimrudie, tayari ameshajifunza nusu.

Kibali kipatikane kabla ya panya wa kwanza: ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.