Kufunga Injini ya Subaru Inayopozwa kwa Maji kwenye Kombi ya Kale ya Injini ya Hewa

Kombi za Volkswagen zilizotengenezwa Ujerumani kati ya mwaka 1967 na 1979, zile zenye kioo kimoja kipana cha mbele, zilitoka kiwandani na injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo wa feni, bila radieta na bila tone la maji. Injini ya cc 1600 hutoa nguvu za farasi zipatazo 50, na hizo ndizo zinazotegemewa kupandisha gari lenye watu wanane na mizigo yao kutoka Mbarara hadi Kabale. Mwenye Kombi nchini Uganda ana shida nyingine iliyo nzito zaidi: silinda, pistoni na vichwa vya injini ya hewa ni vigumu kupatikana, ilhali vya Subaru vimejaa katika maduka ya spea ya Kampala, kuanzia Kisekka hadi Ndeeba. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya badiliko hilo, na ninaomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: kuiingiza injini mahali pake ni kazi ya siku chache, lakini uhai wa gari baada ya hapo utategemea namna ulivyoyapanga maji.

Injini ninayoipendekeza ni EJ20 ya Subaru isiyo na taboo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), yenye ujazo wa lita 2, ambayo hutoa zaidi ya nguvu 110 za farasi. Silinda zake nne zimelala pande mbili kama zile za Volkswagen, hivyo inatosha chini ya sakafu ya nyuma bila kukata bodi, na krenkshafti yake huzunguka upande uleule, kwa hiyo giaboksi ya Kombi inaweza kubaki bila kugeuzwa chochote ndani. Injini yenye taboo huongeza joto katika chumba kisicho na upepo wa kutosha, na EJ25, ile ya lita 2.5, inajulikana kwa udhaifu wa gesketi za vichwa. Zote mbili ningeziacha. Unaponunua, chukua injini pamoja na kompyuta yake, nyaya zake zote na sensa zake kutoka gari moja, na kama gari hilo lilikuwa na kinga ya wizi inayotambua ufunguo, usilipe fedha kabla ya kupewa ufunguo wenyewe. Omba pia risiti inayoonyesha namba ya injini, kwa sababu namba ya injini ya zamani imeandikwa kwenye logbuku ya gari na itabidi ibadilishwe rasmi.

Injini ikiwa bado juu ya stendi, badilisha mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji, themostati (mlango unaofunguka kwa joto kupitisha maji ya radieta) na sili ya nyuma ya krenkshafti. Vitu hivyo vyote ni rahisi kufikiwa wakati huo na vinachosha sana baadaye. Themostati iwe ya asili ya Subaru, kwa kuwa nyingi za bei nafuu zina tundu dogo linalopitisha maji machache.

Injini na giaboksi huunganishwa kwa bamba la chuma au alumini lenye matundu ya Subaru upande mmoja na ya Volkswagen upande wa pili. Mafundi wa Katwe, Kampala, ni hodari wa kuchomelea na wanaweza kukutengenezea vishikizo vizuri kabisa, lakini bamba hili linunuliwe likiwa tayari au lichongwe kwenye mashine ya uhakika, likiwa na pini za kuweka katikati, maana kosa la sehemu ndogo ya milimita hula beringi ya shafti na kuharibu klachi. Flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenkshafti linaloshika klachi, nayo ichaguliwe kulingana na klachi ya giaboksi yako. Klachi za Kombi hizi zilikuwa na vipenyo tofauti kulingana na mwaka na injini, vikiwemo milimita 200, 215 na 228, hivyo pima kabla ya kununua. Uzito wa injini usiachwe uning'inie kwenye giaboksi. Tengeneza mwamba wa nyuma unaoshika injini na kuegemea chasisi kwa mipira ya kuzuia mtetemo.

Sampu ya Subaru, yaani bakuli la oili chini ya injini, huning'inia chini mno kwa barabara zetu za murramu. Fundi huikata na kuipunguza kina, kisha huipanua pembeni ili ujazo wa oili usipungue, na bomba la kunyonyea oili hufupishwa kwa kiasi hicho hicho. Pima nafasi kati ya mdomo wa bomba hilo na sakafu ya sampu mara mbili, kwa sababu ukigusana injini itakosa oili, na ukiwa juu sana itanyonya hewa kwenye kona.

Sasa tufike kwenye maji. Radieta inaweza kuwekwa chini ya sakafu katikati ya gari ikiwa na feni mbili, na wengi hufanya hivyo ili wasiikate pua ya Kombi. Mimi siikubali njia hiyo hapa Uganda, kwa sababu radieta iliyolala chini hupigwa mawe wakati wa kiangazi na kuzibwa na matope wakati wa mvua. Iweke mbele, wima, nyuma ya dirisha dogo lenye wavu. Anayeona kwamba huko ni kuiharibu Kombi akumbuke kwamba Volkswagen wenyewe walifanya hivyo nchini Brazili, ambako tangu mwishoni mwa 2005 hadi 2013 Kombi ilitengenezwa na injini ya maji ya lita 1.4 na radieta puani. Mbele ya radieta ongeza wavu mwembamba unaotoka kwa urahisi, hasa ukisafiri upande wa Masaka mwezi wa Novemba, kwa kuwa senene wanaoruka kwa wingi usiku hujaza mapezi ya radieta kwa safari moja tu.

Mabomba mawili hutoka nyuma hadi mbele chini ya sakafu. Yawe ya alumini au chuma kisichoshika kutu, yenye kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 32, na ncha zake ziwe na ukingo ulioinuliwa ili mpira usichomoke chini ya klipu. Mabomba hayo mawili, ya mita 3.5 kila moja, kwa pamoja huchukua takriban lita 5 na nusu za maji yenyewe peke yake, jambo linaloonyesha kwa nini kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha Subaru hakitakutosha. Yapande au yashuke kwa mteremko mmoja tu. Yakiwa na vilima na mabonde kama barabara ya kwenda Kisoro, hewa itakaa kwenye kila kilima na kuzuia mzunguko.

Kosa ninalolijua kwa uchungu linahusu mipira ya hita. Katika Kombi ya kwanza niliyoshiriki kuifunga, tuliona kwamba Uganda haihitaji hita, tukaziba matundu yake mawili kwa plagi. Gari lilitembea vizuri mjini, lakini tulipoanza kupanda kuelekea Kabale mshale wa joto ulipaa ghafla, na tulipoigusa radieta ilikuwa baridi. Sababu yake ni kwamba themostati ya EJ imewekwa upande wa maji yanayorudi kutoka radieta, chini ya pampu, na hufunguka tu inapoguswa na maji ya moto yanayozunguka kupitia njia ya hita. Njia hiyo ikizibwa, themostati hugusana na maji baridi peke yake na kubaki imefungwa huku vichwa vya injini vikichemka. Kwa hiyo, kama huweki hita, unganisha matundu hayo mawili kwa mpira mmoja ili maji yazunguke daima.

Tanki la akiba liwe sehemu ya juu kuliko zote katika chumba cha injini, nalo liwe na mfuniko wa shinikizo wa takriban bar 1. Huo mfuniko una umuhimu mkubwa katika nchi ya miinuko: Kampala, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 96, na Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, huchemka kwenye digrii 93. Tumia mchanganyiko wa nusu kulendi (dawa ya radieta) na nusu maji safi yaliyochujwa, hata kama hatuna baridi ya kugandisha, kwa kuwa kulendi huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Feni za umeme zipewe rilei, fyuzi na waya mnene, kwani betri iko nyuma na waya mwembamba wa mita 4 hupunguza umeme kabla haujafika.

Upande wa petroli, injini hii inahitaji pampu ya shinikizo la juu, chujio kabla yake, na bomba la kurudisha petroli kwenye tenki, ambalo Kombi ya karbureta haikuwa nalo. Mipira yote iwe ya daraja la injeksheni. Ule wa karbureta utapasuka, na nyuma kuna moshi wa moto. Kompyuta nayo ipelekewe taarifa ya mwendo wa gari, la sivyo sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedeli ya mafuta, itayumba unaposimama.

Kombi za kabla ya toleo la 1971 zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote. Hizo zibadilishwe kuwa za diski mbele kabla injini haijawashwa kwa mara ya kwanza.

Ili kutoa hewa, inua mbele ya gari sentimita 40 hivi, jaza tanki taratibu, washa injini na uiache izunguke kwa mizunguko 2,000 kwa dakika huku skrubu ya juu ya radieta ikiwa imelegezwa. Funga skrubu maji yanapotoka bila povu, kisha subiri mpaka radieta nzima iwe na moto na feni ziwake zenyewe na kuzima angalau mara mbili. Safari ya kwanza iwe fupi, na injini ikishapoa kabisa angalia kiwango cha maji. Baada ya kilomita 500 kaza klipu zote upya. Kama kiwango kinaendelea kushuka na huoni mvujo popote, pima kama kuna gesi ya moshi kwenye tanki la akiba kabla ya safari yoyote ndefu, kwa sababu maji yanayopotea bila alama mara nyingi hupitia kwenye gesketi ya kichwa.