Somo la usanifu endelevu: anza kwa kubomoa jiko

Kabla wanafunzi hawajachora chochote, wape kitu cha kubomoa. Jiko la makaa lenye kigae cha udongo linafaa sana. Tafuta majiko matano yaliyochakaa, moja kwa kila wanafunzi wanne, na jipya moja kutoka kwa mafundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, la kulinganishia. Andaa nyundo, tindo, mizani ya jikoni, glavu na barakoa. Vumbi la saruji inayoshikiza kigae kwenye bati si la kuvuta.

Kila kipande kipimwe, kisha kiandikwe kimeunganishwaje na kimeharibikia wapi. Mara nyingi kigae ndicho hutangulia kupasuka: bati hutanuka kwa joto kuliko udongo, na mtu akimwagia maji kuzima makaa, ufa huja papo hapo. Je, kigae kinabadilishika bila kukata bati? Swali hilo lipe saa 2 nzima.

Wakianza kuchora jiko lao bora, wengi watakimbilia mianzi na rangi ya kijani. Usitoe alama kwa maneno “rafiki wa mazingira”; dai gramu, idadi ya viungo, dakika za kukarabati.

Wiki ya pili wampelekee fundi mchoro (na wamlipe muda wake). Akisema umbo hilo halikatiki kwa mkasi wa bati, mchoro urudi mezani.